Namna ya kufanya utafiti wa watoto vijijini Mtwara na Lindi, na majibu yakarudi kwa waliojibu

Mkulima wa Tandahimba hahitaji kuelezwa maana ya utafiti. Anaijua Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara. Anajua kwamba ubwiriunga ulipoishambulia mikorosho, watu wa kituo kile walipima, wakajaribu, kisha wakarudi kwa wakulima na dawa na miche. Ndiyo maana ukifika kwake na dodoso kuhusu mtoto asiyejua kusoma, atakuuliza swali la haki kabisa: "Na ninyi mtarudi lini?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi nilipokuwa mdadisi, yaani mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na maswali ya utafiti, na mara nyingi sikuwa na jibu, kwa sababu waliotutuma hawakuwa wamepanga kurudi. Mwongozo huu ni kwa mwalimu, mwanafunzi wa chuo, muuguzi au kikundi cha vijana wanaotaka kufanya utafiti mdogo unaogusa masomo, afya na ujumuishi wa watoto, na kuufikisha mwisho. Mwisho ninaouzungumzia ni siku ile ya kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema mlichokikuta.

Swali liwe moja

Watu huja na mada: "Changamoto za elimu Kusini." Hiyo haipimiki. Swali linalopimika lina watu wake, mahali pake na kitu kinachohesabika. Mfano nitakaokwenda nao hadi mwisho ni huu: katika halmashauri moja, watoto wangapi wa miaka 8 hadi 12 hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na wangapi kati yao wana shida ya kuona, kusikia au nyingineyo ambayo shule haijaijua?

Nimelichagua kwa sababu linaunganisha mambo matatu ambayo ofisini huwa na mafaili matatu tofauti. Mtoto haoni ubao. Hilo ni la zahanati. Kwa kuwa haoni, hasomi, na hilo ni la shule. Kwa kuwa hasomi, wenzake wanamwita mjinga na mwisho anabaki nyumbani kulinda ndege, na hapo ni suala la ustawi wa jamii. Mtoto ni yuleyule mmoja.

Kabla hujaandika chochote, kaa nusu siku na walimu wawili, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi watano au sita. Waulize wangependa kujua nini. Kama hakuna hata mmoja ambaye angefanya jambo tofauti baada ya kupata jibu lako, badilisha swali.

Vibali, na njia ya barua

Utafiti wowote unaogusa afya ya watu unahitaji kibali cha maadili. Kwa ngazi ya taifa kinatolewa kupitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na vyuo vikubwa vya afya vina kamati zao zinazotambuliwa. Kupima macho ya mtoto ni suala la afya, hata kama wewe ni mwalimu. Mtafiti asiye raia anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi wa chuo cha hapa ataanza na barua ya chuo chake.

Ukishapata hivyo, barua inashuka ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha Afisa Elimu na Mganga Mkuu wa Wilaya, halafu mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake, na hatimaye mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke hata mmoja. Tembea na nakala nyingi, na kila ofisi igonge muhuri. Tenga wiki tatu au nne kwa safari hii peke yake. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye mwenye cheo kidogo kuliko wote katika orodha hiyo, lakini ndiye atakayetembea nawe nyumba kwa nyumba, kwa hiyo mpe muda mrefu kuliko wengine wote.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya na za watoto zinahesabiwa kuwa nyeti. Hii ina maana majina hayakai pamoja na majibu. Kila mtoto apewe namba. Daftari la kuunganisha namba na jina likae kwenye kabati lenye kufuli, kwa mtu mmoja anayejulikana.

Msimu

Hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ni korosho. Familia nyingi zinahamia mashambani na kulala kwenye vibanda, na nyumba utakazokuta kijijini zina bibi na wadogo tu. Mvua zikishika, Desemba hadi Aprili hivi, barabara nyingi za ndani hazipitiki. Likizo za Juni na Desemba ndizo za jando na unyago katika vijiji vingi, na mtoto aliye ndani humpati wala hupaswi kumtafuta. Mwezi wa Ramadhani watu wamefunga, na mahojiano marefu mchana ni kuwaonea.

Kwangu mimi wakati mzuri ni katikati ya Julai hadi mwanzo wa Septemba. Shule zimefunguliwa, njia ni kavu, mavuno ya chakula yako ndani. Ni msimu wa kupuliza salfa, kwa hiyo asubuhi hutawakuta watu. Nenda kuanzia saa kumi jioni, au panga na mwenyekiti siku ambayo watu hawaendi shamba. Ijumaa mchana pumzika.

Kuwachagua watoto, hasa wale wasioonekana

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanzia kwenye daftari la mahudhurio la shule. Mtoto unayemtafuta zaidi hayumo humo. Anza na kaya.

Ukubwa wa sampuli unatokana na unataka uhakika kiasi gani. Kwa hesabu ya kawaida, ukitaka jibu lisilopishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 10 juu au chini, unahitaji watoto 96 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Ukitaka asilimia 5, ni 384. Lakini watoto wa kitongoji kimoja wanafanana: mwalimu mmoja, njia moja ya kwenda shule, kisima kimoja. Kwa sababu hiyo idadi huzidishwa, mara nyingi kwa 2. Tukichukua 96 mara 2 tunapata 192. Tufanye 200: vitongoji 20, watoto 10 kila kimoja. Kikundi cha watu sita kinaweza kuimaliza kazi hiyo kwa wiki tatu.

Vitongoji vipate kwa kura kutoka orodha ya halmashauri, vile vikubwa vikipewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Usikubali kuchaguliwa "vinavyofikika." Vinavyofikika vina shule karibu, na jibu lako litakuwa zuri kuliko ukweli.

Ukifika kitongojini, andika orodha ya watoto wote wa miaka 8 hadi 12. Tuseme unapata 43. Gawa kwa 10 unapata 4 na kidogo. Piga kura ya namba 1 hadi 4. Ikitoka 3, chukua mtoto wa 3, wa 7, wa 11, na kuendelea hadi wafike 10.

Orodha hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Mwenyekiti atakutajia watoto anaowajua. Mhudumu wa afya ataongeza wawili au watatu. Kisha kaa chini ya mwembe na watoto wenyewe, uwaulize: "Nani anakaa nyumba ile? Nani hachezi nanyi?" Watoto hawafichi. Siku moja, kwenye kijiji cha uwanda wa juu wa Makonde, mwenyekiti alikuwa amekwisha kufunga orodha, ndipo binti mdogo akasema, "Na yule wa nyumba ya nyuma." Nyumba ya nyuma alikuwepo mvulana wa miaka 11, miguu yake haina nguvu, anakaa juu ya mkeka akibangua korosho kwa kisu kwa ustadi ambao sijauona kwa mtu mzima. Hakuwahi kuandikishwa shule. Hakuna daftari lolote lililokuwa na jina lake.

Kuuliza bila kufunga mlango

Usiulize kamwe, "Je, mtoto wako ni mlemavu?" Mzazi atasema hapana. Wengine wanaona aibu, wengine wanaogopa, na wengi wanaamini kwa dhati kwamba ulemavu ni kutokuwa na mguu au kuwa kipofu kabisa.

Nchi nyingi siku hizi zinatumia maswali ya kundi la wataalamu wa takwimu liitwalo Washington Group, lililoundwa 2001 chini ya Umoja wa Mataifa. Yanauliza kuhusu shida ya kufanya jambo. Yale mafupi ni sita: kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akiwa na kifaa cha kusikilizia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuweka akili mahali pamoja, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida. Majibu ni manne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Kwa kawaida anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni aliyepata "shida kubwa" au "hawezi kabisa" angalau mahali pamoja. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 yapo maswali marefu yaliyoandaliwa pamoja na UNICEF na kutolewa 2016, yanayogusa pia kujifunza, tabia na wasiwasi. Kwa swali letu tumia hayo marefu.

Mama mmoja alinijibu kwamba mwanawe hana ulemavu wowote, ni mvivu wa kusikia tu. Nikafika kwenye swali la kusikia. Akafikiri, akasema: "Ukimwita hageuki. Mpaka umguse begani." Akanyamaza. Kisha akaita jina la mtoto kwa sauti ya kawaida, mbele yangu, mara mbili. Mtoto alikuwa hatua tano, anachora mchangani na kijiti, hakuinua kichwa. Mama ndiye aliyekuwa akilisikia swali hilo kwa mara ya kwanza.

Maswali yaandikwe kwa Kiswahili cha hapa, kisha yajaribiwe kwa sauti. Bibi wa Newala anaweza kukuelewa nusu tu. Kwa hiyo kubalianeni mapema maneno ya Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua kwa kila swali gumu, myaandike, ili kila mdadisi asitafsiri kivyake. Mtafute mtu ambaye hajaona maswali ya awali ayarudishe kwa Kiswahili. Mkiona maana imepotea, rekebisheni.

Jando na unyago usiulize yanayofanyika ndani. Hayakuhusu, na ukiuliza umeharibu kazi ya watafiti wote watakaokuja baada yako. Uliza mtoto alikosa siku ngapi za shule. Kungwi akijua unaheshimu mipaka hiyo, yeye mwenyewe atakusaidia kuipata familia iliyofunga mlango.

Kupima kusoma, na kupima macho

Kusoma kupime na mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake na mbali na mzazi anayemsukuma. Andaa karatasi yenye ngazi nne: silabi, maneno, aya fupi, hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili yenye maswali mawili ya ufahamu. Namna hii ndiyo iliyojulikana nchini kupitia tathmini za Uwezo, zinazopimia watoto nyumbani. Mtoto anapewa ngazi ya juu kabisa aliyoimudu. Asiyeona asomewe na ajibu kwa mdomo, na kama anajua nukta nundu, aandaliwe karatasi yake mapema. Kiziwi apate mkalimani wa Lugha ya Alama. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ndipo pa kuanzia kumtafuta.

Mwangalie mtoto, usiangalie karatasi tu. Anayeisogeza hadi puani, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayekodoa macho: yaandike hayo pembeni.

Macho yapime nje, kivulini, jua likiwa limepanda. Chukua kamba, ifunge fundo kwenye mita 6 kamili. Tumia herufi E yenye urefu wa milimita 17 na nusu, nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Kwa umbali huo ndiyo mstari wataalamu wanaouita 6/12. Mtoto asimame kwenye fundo, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, aonyeshe kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Mgeuzie mara tano. Akipatia nne au tano, jicho hilo limepita. Halafu jicho la pili. Mfundishe kwanza akiwa karibu, mita moja tu, ili usije ukapima kuelewa badala ya kuona.

Sharti moja halina mjadala. Usimpime mtoto macho kama hujui utampeleka wapi. Kabla ya kuanza, kaa na Mganga Mkuu wa Wilaya: mtaalamu wa macho anakaa wapi, anapatikana siku gani, nani atalipa nauli, miwani inatoka wapi. Nauli ya mtoto na mzazi wake iingie kwenye bajeti kabla ya posho yako. Kwa mtoto mwenye ualbino, uliza pia kuhusu ngozi, kofia na mafuta ya kukinga jua, na kumbuka kwamba mwanga wa mchana unamuumiza macho, mpime asubuhi.

Damu usichukue kama swali lako haliihitaji. Hofu ya mumiani haijaisha, na uvumi ukianza kitongoji kimoja unafika vingine vyote kabla ya bodaboda yako.

Ridhaa

Mtoto chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe pia akubali. Mzazi akisema ndiyo na mtoto akatikisa kichwa, hapo pameisha. Maneno ninayotumia ni haya:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, natoka mahali fulani, na huyu ni mwenyekiti wako unamfahamu. Tunaangalia usomaji na afya ya watoto wa miaka 8 hadi 12. Ukiniruhusu, nitakuuliza maswali kama nusu saa, kisha mtoto atasoma karatasi hii, na tutapima macho yake kwa kumwonyesha herufi. Hatuchukui damu wala picha. Jina lake halitakaa kwenye majibu. Ukikataa hupotezi kitu, si zahanati, si shuleni, si TASAF. Unaweza kuniambia niache hata katikati. Una swali lolote?"

Neno TASAF usiliache. Kaya nyingi zinadhani kila anayekuja na karatasi anaandika majina ya kuingia au kutoka kwenye mpango wake wa kusaidia kaya maskini, na ridhaa inayotolewa kwa matumaini hayo si ridhaa. Kisha mwombe mama akueleze kwa maneno yake alichokielewa. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Zawadi ya shukrani, mche wa sabuni kwa mfano, itolewe mwishoni na iwe sawa kwa wote, hata kwa aliyeacha katikati.

Ukikuta mtoto anapigwa au kutendewa ukatili, siri ya utafiti haikufungi mdomo. Afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya watoto namba 116. Wadadisi wote waijue kabla ya kutoka.

Wadadisi na kazi ya jioni

Chukua vijana wa hapahapa, wanawake wasipungue nusu, na angalau mmoja awe mtu mwenye ulemavu. Wafundishe siku tano, ya tano iwe mazoezi kwenye kitongoji ambacho hakimo kwenye sampuli. Majibu yaingizwe kwenye simu kwa programu za KoboToolbox au ODK, ambazo hazihitaji mtandao wakati wa kuhoji. Kila jioni kaeni pamoja mpitie fomu moja moja. Mdadisi ambaye watoto wake wote "hawana shida" kwa siku tatu mfululizo hajauliza. Mrudishe kwenye kaya mbili, umsikilize.

Hesabu, na uaminifu wake

Anza na majedwali mepesi. Wangapi wamefika hadithi, wangapi wameishia silabi. Kisha waliofeli jicho moja au yote mawili, mbele ya ngazi yao ya kusoma. Tenganisha wasichana na wavulana, walio shule na wasio shule. Taja waliokataa na wasiopatikana. Ukiona wasioona vizuri ndio wasiosoma, umeona mambo mawili yanayotembea pamoja. Usitangaze kwamba umepata chanzo, maana hao hao huenda ndio wanaoishi mbali na shule.

Na ukikuta kwamba ulichotarajia hakipo, kiandike hivyo hivyo. Kusini tuna mfano wa heshima. Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walifanya utafiti ulioitwa INSIST katika wilaya sita za Lindi na Mtwara: watu wa kujitolea kutoka vijijini walizitembelea nyumba za wajawazito na waliojifungua, kufundisha utunzaji wa mtoto mchanga. Matokeo yalichapishwa 2015. Baadhi ya desturi za utunzaji ziliboreka, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua kwa sababu ya ziara hizo. Waliandika wazi. Kwa uwazi huo, wanaopanga huduma waliweza kujifunza kwamba ushauri wa nyumbani peke yake hautoshi kama hospitali ya kujifungulia haina watu na vifaa.

Kurudi

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Omba nafasi kwenye ajenda tangu siku ya kwanza unapopeleka barua, na nauli ya siku hiyo iweke pembeni isiguswe.

Usilete grafu. Tandika mkeka, mwaga korosho 20, sema: "Hawa ni watoto wetu 20." Kisha mwite mzazi mmoja atenge zile zinazowakilisha wasioweza kusoma. Kati ya hizo, mwingine atenge wale wasioona vizuri. Watu wataziangalia zile zilizotengwa kwa ukimya ambao hakuna karatasi inayouleta. Usitaje kitongoji kwa kitongoji, wala jambo litakalofanya mtoto atambulike. Halafu kaa chini uwaachie waseme wao wanaona nini kifanyike, na katibu wa mkutano aandike kwenye muhtasari, kwa sababu kilichoandikwa humo mtendaji anaweza kuulizwa mkutano unaofuata.

Bandika ukurasa mmoja wa matokeo kwenye ubao wa shule na mwingine zahanati, kwa maandishi makubwa, ukiwa na namba ya simu inayopokelewa. Nakala nyingine mpelekee Afisa Elimu, Mganga Mkuu, na tawi la karibu la SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu.

Baada ya miezi sita, chukua lile daftari la namba na majina. Mpigie mzazi wa kila mtoto uliyempa rufaa: alifika hospitali? Alipewa miwani? Anaivaa? Mwalimu alimsogeza dawati la mbele? Andika majibu yao chini ya majibu ya kwanza, na wale ambao hawajafika, wapangie siku na nauli.